Ijumaa ya Mlango

Kazini walimwita Desimali, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata mwaka wake wa kwanza, siku alipousimamisha mkutano mzima dakika arobaini kwa sababu jedwali moja lilisema kumi na mbili nukta nne na jingine kumi na mbili nukta tano. Watu walikuwa na njaa, wanataka kwenda kula. Yeye alitaka kujua hiyo sehemu moja ya kumi imekwenda wapi. Ilipatikana, lakini chakula kilikuwa kimeshapoa, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa uwekezaji katika teknolojia. Kwa maneno ya kawaida, ulikusanya akiba za watu, wachache wenye nyingi na wengi wenye kidogo, ukanunua hisa katika kampuni changa za mitambo na programu za simu, kisha ukakaa kumwomba Mungu. Kampuni zilikuwa tisa. Kila mwisho wa mwaka Desimali alipaswa kusema kila moja ina thamani gani, ajumlishe, agawe, atoe namba moja tu: bei ya kipande kimoja cha mfuko. Mwaka uliotangulia kipande kilikuwa mia moja kamili. Bei ikizidi hapo, watu wamepata faida. Ikipungua, wamekula hasara.

Palikuwa pia na kanuni ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka ilitungwa na nani. Wiki moja kabla ya bei mpya kutangazwa, mlango hufunguliwa. Anayetaka kutoka hupeleka barua kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, na hulipwa kwa bei ya zamani. Anayebaki huchukua bei mpya ya Jumatatu, iwe tamu, iwe chungu. Wenyewe waliiita Ijumaa ya mlango. Kwa sababu hiyo, wachache wanaoijua bei mapema hutia saini karatasi ya kufunga mdomo wiki nzima: hakuna kudokeza, hakuna kukonyeza, si kwa rafiki, si kwa ndugu, si kwa mzazi. Neno mzazi lilipigwa chapa kwa wino mzito kama mengine, na kila mwaka Desimali alilisoma mara mbili.

Maana mzazi alikuwa naye. Mama yake, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wauguzi wastaafu sitini na mmoja. Miaka mitatu nyuma walikusanya viinua mgongo vyao wakaviweka kwenye mfuko. Si kwamba walikuwa wajinga. Walisoma makaratasi, walihoji, walimleta hata mpwa wa mmoja wao aliyekuwa mwanasheria. Lakini kilichowaingiza hasa ni maneno matano ya Sista: "Binti yangu yumo humo ndani." Sasa walikuwa wameliona jengo la vyumba sita, wanataka kulinunua wafungue kliniki ya watoto, na mwenye jengo alikuwa ameanza kuwaambia kuna wengine wanaolitaka.

Basi wiki ile ya mlango, Jumatatu asubuhi, Desimali aliketi mbele ya skrini ya kampuni ya majokofu. Hii ndiyo iliyokuwa kipenzi cha mfuko. Ilitengeneza kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachobandikwa kwenye jokofu la dawa katika zahanati, waya wake wa kupimia ukiingia ndani. Joto likizidi, kifaa kinapiga kelele na kutuma ujumbe. Kampuni ilikuwa na vifaa elfu moja mia mbili, na kwenye skrini ziliwaka taa elfu moja mia mbili, zote kijani. Mkurugenzi wa mfuko, ambaye watani walimwita Mshale kwa sababu kila mchoro wake uliishia na mshale unaopanda, alikuwa ameshaanza kuinong'ona bei ya mia na kumi na nane. Gazetini alisema mwaka huu unanukia vizuri. Katika hiyo mia na kumi na nane, hamsini zilitoka kwenye majokofu peke yake.

Jokofu namba mia mbili na kumi na mbili lilisoma nne nukta tatu. Jana yake, nne nukta tatu. Juzi, nne nukta tatu. Desimali akarudi nyuma siku baada ya siku, kidole kikigonga kitufe, mguu ukitikisika chini ya meza. Siku themanini na tatu, nne nukta tatu.

Mtu mwingine angeona jokofu zuri. Desimali aliona maiti. Jokofu lililo hai hufunguliwa mlango, umeme hukatika ukarudi, mtu hulisahau wazi akijibu simu. Namba yake hucheza hata kama ni kidogo. Hakumaliza chai. Alichukua gari la ofisi, na njia nzima alimhimiza dereva mpaka dereva akamwuliza kama kuna mgonjwa.

"Jokofu la dawa?" alisema muuguzi wa zamu kwenye ile zahanati. "Si lile pale."

Lilikuwa limesukumwa kwenye pembe ya chumba cha kumbukumbu, waya wa umeme umefungwa fundo. Desimali alilifungua. Ndani mlikuwa na madaftari ya mahudhurio, mwavuli, na jozi moja ya kandambili.

"Liliungua zamani," alisema muuguzi. "Chanjo tunazifuata kituo cha jirani, kwa sanduku la barafu."

"Na hiki?" Kifaa kilikuwa bado kimebandikwa ubavuni, taa yake ya kijani ikiwaka kwa raha zake.

"Hicho hakina neno. Hakijawahi kutusumbua."

Jumanne nzima Desimali alikuwa simuni na kwenye majedwali, akitafuta namba zinazocheza. Mtengenezaji mkuu wa kampuni, Injinia, hakukana. Alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba waya wa kupimia ni mwepesi na hufa baada ya miezi michache, na kifaa kikikosa kipimo kipya hurudia cha mwisho. Waliweka hivyo ili skrini isiwe na matundu. Wawekezaji hawapendi matundu. Desimali alimwambia azipigie zahanati zote siku hiyo hiyo, kisha akahesabu majokofu yaliyo hai. Yalikuwa tisini na manne.

Jumatano aliingia ofisini kwa Mshale na karatasi moja. Hakuketi, ingawa aliambiwa aketi mara mbili.

"Sabini na moja," alisema.

Mshale aliisoma karatasi, akaigeuza, akaangalia mgongo wake mweupe kana kwamba nafuu imeandikwa huko. "Hapana. Bei ya kampuni ni ile ya mwisho iliyolipwa. Ndiyo kanuni yetu miaka yote."

"Iliyolipwa na nani?"

"Na mnunuzi wa mwisho."

"Ambaye ni nani?"

Mshale akatazama dirishani. "Sisi," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya mwaka mfuko ulinunua hisa chache zaidi za majokofu kwa bei ya juu, na kwa kanuni yao wenyewe, hisa zao zote za zamani zikavaa bei hiyo. Ni sawa na mwenye duka ajiuzie yai moja kwa bei ya kuku, kisha atangaze kwamba trei zote zilizobaki rafuni ni banda la kuku. Na usidhani walikuwa matapeli. Walikuwa watu wazima wenye shahada, waliopiga makofi bei ilipopanda, na Desimali mwenyewe alikuwa mmojawapo. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Ukiandika hii, Jumatatu watanichuna ngozi," alisema Mshale.

"Usipoiandika, watakuchuna mwaka ujao, na watakuwa wengi zaidi."

Mshale alisugua macho muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kupanda. Mwishowe akaivuta kalamu, akatia saini, akaisukuma karatasi kwa ncha za vidole. "Basi iwe hiyo. Na mdomo ufungwe. Wewe kuliko wote, maana namjua mama yako."

Desimali alitoka mle kifua mbele. Fahari yake ilidumu urefu wa korido moja. Kwenye ngazi, mkono ukiwa kwenye chuma cha kushikia, ndipo ilipomwingia kichwani kwamba hiyo sabini na moja, aliyoipigania kwa meno, ilikuwa inakwenda kukata asilimia ishirini na tisa ya viinua mgongo vya wauguzi sitini na mmoja, wengi wao waliompaka mafuta kifuani alipougua surua.

Ila kama wametoka. Kama barua yao imeshaingia, au itaingia kabla ya Ijumaa saa sita, watalipwa mia kwa kila kipande na hawataguswa. Orodha ya waliopeleka barua ilikaa mapokezi, kwenye droo yenye kufuli, na yeye kwa karatasi yake aliyotia saini hakuruhusiwa hata kuiulizia.

Tangu hapo hakutulia. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tano, na siku ya Alhamisi alishuka na kupanda ngazi mara saba bila shughuli yoyote ya maana. Alichonga penseli ambazo hakuzitumia. Alikwenda kujaza maji kwenye birika lililojaa. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani, ikawa kila inapotetemeka inatembea kidogo kuelekea ukingoni, naye anaitazama ikitembea. Mama. Mama. Mama tena. Mara ya nne akapokea, maana kutopokea nako kulikuwa kumeanza kufanana na jibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

"Lifti imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Sikuulizi siri," Mama alisema. "Najua wiki yenu hii. Nakuulizia hali tu. Huku kina mama wamegawanyika. Katibu anasema tutoke, jengo litatuponyoka. Wengine wanasema gazeti limeandika faida inakuja, tungoje Jumatatu tupate na ya kuezeka paa. Wote wananitazama mimi."

Maneno yalimjaa Desimali mdomoni. Tokeni. Silabi tatu, hata mtu mwenye kigugumizi angezimaliza. "Mama, mambo ya kazi siwezi kuyazungumza wiki hii," alisema.

"Sijauliza mambo ya kazi. Nimeuliza hali."

"Hali yangu nzuri."

"Haya. Kula, basi."

Baada ya hapo aliandika ujumbe: Mama tokeni. Akaufuta. Akauandika tena bila neno Mama, kana kwamba hiyo ingepunguza kosa. Akaufuta. Kwa sababu alijua hesabu, hiyo ndiyo taabu ya kujua hesabu. Kila kipande kitakacholipwa mia ilhali thamani yake ni sabini na moja, hizo ishirini na tisa hazianguki kutoka mbinguni, wanazilipa waliobaki. Kwenye daftari palikuwa na mwekezaji namba elfu tatu mia nne na nane, mwenye vipande kumi na kimoja. Desimali hakumjua ni mwanamume au mwanamke. Alijua tu kwamba naye ana mama, au ni mama, na kwamba hakuna binti yake aliyemo humo ndani.

Na huyo mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha kunyamaza. Desimali alikuwa na miaka tisa, anamngoja Mama amalize zamu, ameketi kwenye benchi la wodini na begi la shule mapajani. Mke wa fundi saa, jirani yao, alikuja mbio kutoka sokoni, mkoba bado mkononi, akauliza: Sista, mume wangu vipi? Mama alisema, daktari anakuja kuongea na wewe. Kisha akamgeuzia mgongo, akafungua bomba, akanawa mikono. Mikono ilikuwa misafi. Aliinawa mpaka kwenye viwiko, polepole, hamu ya kusema akiimeza pamoja na mate, mpaka daktari akafika. Njiani kurudi nyumbani Desimali alimwuliza kwa nini hakumwambia. "Si langu kusema," Mama alijibu. Msemo huo Desimali aliubeba maisha yote, na Alhamisi ile aliushika kwa mikono miwili.

Ijumaa ilipambazuka na jua kali. Saa nne akapiga moyo konde asishuke mapokezi. Saa tano akashuka, akajidanganya kwamba anafuata bahasha. Hakuna aliyekuwepo. Saa tano na nusu Mshale alimwita washuke wote kumsindikiza mgeni, na milango ya lifti ilipofunguka, mama yake alikuwa amesimama kaunta.

Alivaa gauni lake la bluu la mikutano, viatu vyeupe vya kazi ambavyo hajawahi kuviacha, na mkononi alishika bahasha ya kaki yenye muhuri wa kikundi. Mama mmoja wa mapokezi alikuwa anamwelekeza jambo kwenye kitabu. Saa ya ukutani ilisema bado dakika ishirini na sita.

Desimali aliona bahasha. Hakuona kitu kingine. Wanatoka, alijiambia, ameileta mwenyewe, wanatoka, na sikusema neno hata moja. Wiki nzima iliyomkaa kifuani ikamteremka mara moja, na uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu ambalo hata kama angelipwa asingeweza kulizuia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Sista alimtazama. Alimtazama hivyo alivyokuwa akimtazama mtoto mwenye homa, kwanza macho, kisha mdomo, kisha macho tena. "Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umelala?"

"Leo nitalala."

Mshale alikuwa hatua mbili pembeni akiagana na mgeni, sikio lote likiwa huku. Sista naye akatabasamu, taratibu, kama aliyemaliza kusoma barua. "Haya, mwanangu. Rudi kazini. Nisikucheleweshe."

Desimali alipanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya tano. Mchana ule alikula sahani nzima. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mguu wake ulitulia chini ya meza, na usiku alilala bila ndoto.

Jumatatu saa tatu bei ilibandikwa: sabini na moja. Makelele yalikuwa yale yaliyotegemewa. Simu ziliita ghorofa zote, na Mshale alijifungia na wajumbe wa bodi akachunwa kama alivyotabiri. Desimali alijibu maswali, alionyesha majokofu yake tisini na manne, hakutetereka. Saa nne orodha ya waliotoka ililetwa mezani kwake ili akokotoe malipo. Ilikuwa fupi, majina kumi na tisa. Aliisoma kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Akaisoma kutoka chini kwenda juu. Akageuza ukurasa akaangalia mgongo wake mweupe.

Ngazi alizishuka bila kuzihisi.

"Kikundi cha wauguzi," alimwambia mama wa mapokezi. "Barua yao. Ilikuja Ijumaa."

"Haikuja Ijumaa." Yule mama alifungua kitabu, akaweka kidole. "Iliingia Jumanne. Mwenyekiti wao ndiye alikuja Ijumaa, akaniomba nimrudishie kidogo, eti kuna saini anataka kuihakiki. Nikampa. Mkasalimiana pale. Ulipopanda tu akaniambia, basi, hatuipeleki tena, tunabaki. Akatia saini hapa ya kuichukua. Nilifikiri unajua."

Nyumba ya Mama ilikuwa na ua wa saruji na bomba moja pembeni, penye beseni lililopinduliwa. Alimkuta anapanga viti vya plastiki kwa ajili ya kikao cha saa kumi. Bahasha ya kaki ilikuwa juu ya kiti cha kwanza. Mama alikuwa ameshasikia redioni. Ilionekana kwa jinsi alivyovuta viti, kimoja kimoja, bila kuviburuza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Shika upande ule."

Wakapanga mstari mzima. Desimali ndiye aliyeanza. "Nilidhani unaileta," alisema. "Niliona bahasha mkononi nikadhani unaileta. Nilifurahi kwa ajili yako, Mama. Ndiyo maana nilitabasamu."

"Ilikuwa imeshafika Jumanne," Mama alisema. "Katibu aliipeleka. Mimi nilikuja kukutazama uso."

"Sikuruhusiwa kusema."

"Nani kasema useme?" Mama alikaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. Sauti yake haikupanda, na ilikuwa afadhali ingepanda. "Nimekaa wodini miaka thelathini na nne. Unafikiri sijui kazi ya kufunga mdomo? Sikukasirikia kunyamaza kwako. Ungeninyamazia Ijumaa ile, uso wako ukakaa kama ulivyokuwa kwenye simu, unahema, ningeacha barua pale pale nikaenda zangu. Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Nilitaka kuhakikisha tu."

"Mama..."

"Nimewanyamazia watu mia, mia mbili. Sijawahi kumtabasamia hata mmoja."

Desimali alitazama mikono yake. "Mke wa fundi saa," alisema. "Ulisema daktari anakuja, ukanawa mikono."

"Na yeye alifanyaje?"

Alikuwa amesahau. Miaka yote alikumbuka mgongo wa mama yake na maji yanayotiririka, na hakukumbuka upande ule mwingine. Sasa akauona: yule mwanamke aliweka mkoba chini, akavua ndala zake, akaketi sakafuni kabla daktari hajafika. Alikuwa ameshajua.

"Wodini kwetu ilikuwa hivyo," alisema Mama. "Huwezi kusema, na huwezi kumdanganya mtu kwa uso. Basi unakwenda kwenye bomba. Kila muuguzi alijua. Ndugu wa wagonjwa nao wakajua. Ungenawa mikono tu, mwanangu."

Mapokezi kulikuwa na sinki, nyuma ya kaunta, hatua nne kutoka aliposimama Ijumaa ile. Desimali alilia hapo hapo uani, kiti mkononi, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Hakulilia namba. Namba ilikuwa sahihi, na angeiandika tena kesho, na kwa mwekezaji namba elfu tatu mia nne na nane hakuwa na deni. Alilia kwa sababu wiki nzima aliuchunga mdomo wake kama mwizi, akauacha uso uzurure. Mama hakumbembeleza. Alimwacha amalize, kisha akamnyooshea kiti kingine.

"Jengo je?" aliuliza Desimali alipoweza.

"Jengo limekwenda." Mama aliichukua ile bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Utawaeleza wewe hiyo sabini na moja. Mimi nitawaeleza kuhusu barua. Hilo ni langu."

Lango liligongwa kabla hawajamaliza mstari wa tatu. Aliingia mzee wa kikundi, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu aliyewahi kuwa mkunga, amewahi kwa sababu hupenda kiti cha mbele. Hakuwa na redio huyo. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na usoni alikuwa ameshaezeka paa.

"Sista, hodi. Na binti yetu yupo, vizuri kabisa." Alimshika Desimali mkono kwa mikono yake yote miwili. "Haya, tuambie kabla wenzangu hawajaja. Tumepata ngapi?"

Mama alimtazama binti yake.

Desimali aliutoa mkono wake polepole katika ile mikono miwili. Alikwenda pembeni ya ua, akaligeuza beseni, akafungua bomba. Akanawa vidole, akanawa viganja, akapandisha mikono ya blauzi, akanawa mpaka kwenye viwiko. Maji yalikuwa ya vuguvugu kwa jua la mchana. Nyuma yake alisikia mkoba ukiwekwa chini kwenye saruji, kisha kiatu kimoja, kisha cha pili, kisha kiti cha mbele kikilia kidogo yule mama alipoketi.